Ahadi Isiyo na Mdaiwa: Uhakiki wa Lugha ya Sera ya Afya katika Siasa za Maridhiano Zanzibar

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya ahadi za afya katika siasa za Zanzibar, hasa katika vipindi ambavyo vyama vilivyopingana viligawana madaraka. Hoja yake kuu ni kwamba ahadi hizo mara nyingi hupotezewa mwenyewe kabla hazijavunjwa. Kwa kuchunguza kiambishi cha kutendana, nafsi ya kwanza wingi, unominishaji, kauli ya kutendeka na mabadiliko ya maana ya maneno kama bure, kuchangia na changamoto, makala inaonesha jinsi sarufi inavyosaidia kumwondoa mdaiwa katika deni la umma. Inahitimisha kwa kupendekeza kuwa methali ahadi ni deni itumike kama kigezo cha uhakiki wa matini za sera.

1. Utangulizi

Waswahili husema ahadi ni deni. Methali hii hutajwa zaidi kama onyo la kimaadili, lakini ndani yake mna uchanganuzi wa kiisimu unaostahili kuzingatiwa. Deni haliwi deni mpaka pawepo mambo manne: mdaiwa, mdai, kiasi na muda. Likikosekana la kwanza, matatu yaliyobaki hayana pa kuegemea. Mdai atakuwa na haki yake mkononi na asijue mlango wa kuubisha.

Nadharia ya vitendo vya usemi, iliyoasisiwa na Austin (1962) na kuendelezwa na Searle (1969), inafika mahali pale pale kwa njia nyingine. Kwa Searle, ahadi ni usemi unaotaja tendo la baadaye la msemaji mwenyewe, na kwa kuusema msemaji hujifunga. Anayesema mvua itanyesha ametabiri. Anayesema nitakuletea mwavuli ameahidi. Tofauti ya semi hizi mbili haitokani na wakati ujao, kwa kuwa zote mbili zina -ta-. Inatokana na kiambishi cha nafsi, yaani ni-, kinachomfunga msemaji kwenye tendo.

Swali la makala hii ni hili: nini huipata ahadi ya afya inapotolewa na serikali yenye wasemaji wawili waliokubaliana kutawala pamoja? Zanzibar inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, afya haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo sera yake ni mamlaka ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe. Pili, historia ya karibuni ya visiwa hivi ni historia ya miafaka iliyofungwa, ikafunguka, ikafungwa tena. Data iliyotumika ni msamiati na miundo iliyozoeleka katika matini za kiserikali na habari za umma. Sentensi za mfano zimeundwa ili kuonesha miundo hiyo, na hazikunukuliwa kutoka hotuba ya mtu yeyote.

2. Maridhiano na duara la -an-

Baada ya chaguzi zenye mgogoro za 1995 na 2000, Chama Cha Mapinduzi (CCM) na Chama cha Wananchi (CUF) vilitia saini Muafaka mara mbili, Juni 1999 na Oktoba 2001. Mazungumzo ya awamu ya tatu yalikwama 2008. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, na kuanzia hapo neno lililotawala lilikuwa maridhiano. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikarekebishwa ili kuweka nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama cha pili kwa nguvu.

Mabadiliko ya neno kutoka muafaka hadi maridhiano yana uzito wake. Muafaka lilikuja kuwa jina la hati: una tarehe, vifungu na saini. Maridhiano ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi ridhia chenye mnyambuliko wa kutendana, -an-. Kutendana huhitaji washiriki wawili au zaidi ambao kila mmoja ni mtenda na mtendwa wa mwenziwe. Ni duara, na waliomo ndani ya duara hutosheana. Katika sentensi viongozi wameridhiana, hakuna nafasi ya kisarufi ya mtu wa tatu. Mwananchi hawezi kuingia isipokuwa kwa kihusishi: viongozi wameridhiana kwa ajili ya wananchi. Kura ya maoni ilimwingiza kwa siku moja kama mwidhinishaji. Baada ya siku hiyo alirudi kuwa mnufaika, na mnufaika hupokea bila kuwa na hati ya kudai.

Sasa tutazame nani alikabidhiwa afya. Katika baraza la mawaziri la 2010 chini ya Dkt. Ali Mohamed Shein, Wizara ya Afya ilipewa Juma Duni Haji wa CUF. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya 20 Machi 2016, na umoja ule ukafa. Hata hivyo Rais Shein aliwateua wanasiasa wa vyama vidogo serikalini. Miongoni mwao alikuwamo Hamad Rashid Mohamed wa ADC, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya maradhi ya Uviko-19 yalipoingia visiwani Machi 2020. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, ACT-Wazalendo iliingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Dkt. Hussein Ali Mwinyi, na Wizara ya Afya ikaenda kwa Nassor Ahmed Mazrui wa chama hicho. Mara tatu, chini ya marais wawili, afya ilikuwa sehemu ya mgao wa mshirika. Mara zote tatu Wizara ya Fedha ilibaki kwa CCM.

Mpangilio huu haumaanishi kuwa mawaziri hao hawakufanya kazi, wala kuwa Wizara ya Fedha iliwanyima. Jambo la kiisimu ni jingine. Waziri wa Afya anaposema tutaleta dawa katika kila kituo, nani yumo ndani ya tu-? Kiswahili hakitofautishi, kwa umbo, sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomtenga. Katika serikali ya chama kimoja utata huo ni mdogo, kwa kuwa tu- ni chama, na chama ni Serikali. Katika serikali ya ubia tu- inaweza kuwa wizara, chama cha waziri, Serikali nzima, au taifa lililoridhiana. Dawa zikikosekana, kila maana ina mlango wa kutokea. Chama cha waziri kitasema fedha haikutoka. Chama kikubwa kitasema wizara haikuwa yake. Wote watakuwa wamesema kweli, na mgonjwa wa Makunduchi atakuwa hana wa kumdai. Ahadi yenye wenyewe wawili, kisarufi, inakaribia sana kuwa ahadi isiyo na mwenyewe.

3. Bure, kuchangia, mfuko

Deni la afya Unguja lina historia ndefu kuliko maridhiano. Katika barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, limesimama jengo la Dispensari ya Zamani. Ujenzi wake ulianzishwa 1887 na mfanyabiashara Tharia Topan. Alifariki 1891 kabla halijamalizika, mjane wake akaendelea nalo, na baadaye mfanyabiashara mwingine akalifungua kama mahali pa tiba. Jengo hilo ni kumbukumbu ya zama ambazo tiba ya maskini ilitegemea sana ukarimu wa tajiri. Mpokeaji wa sadaka hushukuru. Kudai hakumhusu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha uhusiano huo. Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza tiba kuwa bure, na hospitali kuu ya Mnazi Mmoja ikapewa jina la V. I. Lenin. Neno bure hapa lilikuwa na nguvu ya kitendo cha usemi chenye mwenyewe anayejulikana: Serikali imeahidi, raia anadai. Ndiyo maana kizazi cha wakati ule hulitaja neno hilo kama haki waliyoipata.

Lakini bure ni neno lenye pande mbili. Maana yake ya kwanza ni bila malipo. Ya pili ni bila faida, kama katika kujisumbua bure au maneno ya bure. Muktadha ndio unaozitenganisha, na sera ikidhoofika, maana ya pili huila ya kwanza. Mgonjwa anayeonwa na daktari bila kulipa, akaandikiwa dawa isiyokuwapo dirishani, kisha akaelekezwa duka la dawa, ametibiwa bure kwa maana zote mbili. Mchezo huu wa maneno husikika katika mazungumzo ya watu wa kawaida kwenye mabaraza ya nje ya nyumba, na ni uhakiki wa sera uliofanywa na wasemaji wenyewe kabla ya wataalamu.

Mageuzi ya kiuchumi yalipokuja, neno lililoingia halikuwa kulipa. Lilikuwa kuchangia. Kitenzi hiki ni changa katika kauli ya kutendea, na katika jamii ya Waswahili kina makao yake: harusi, matanga, maulidi, ujenzi wa msikiti. Mchango una kanuni zinazojulikana. Hutolewa kwa uwezo wa mtoaji. Asiyenacho hutoa nguvu zake au uwepo wake. Mtoaji hujua unakwenda kwa nani, na hutarajia siku yake kutendewa vivyo hivyo. Ada ya kipimo haina hata moja ya sifa hizi. Ina kiwango kimoja na dirisha moja. Kuiita mchango ni kuazima heshima ya ujirani na kuivika malipo. Azimo hilo lina athari ya kimaana: anayelipa ni mteja na anaweza kulalamikia bidhaa, ilhali anayechangia na kulalamika huonekana mchoyo.

Hatua ya karibuni ni mfuko. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianzishwa kwa sheria ya 2023, mwaka ambao Bunge la Muungano nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote kwa upande wa Tanzania Bara. Kwa kigezo cha ahadi ni deni, mfuko ni hatua mbele kuliko uchangiaji, kwa sababu una sheria, mwanachama na orodha ya huduma. Mdai anarudishiwa jina. Hata hivyo msomaji makini atauliza kuhusu kirai kwa wote katika sheria ile ya Bara, na kuhusu kila ahadi ya aina hiyo. Wote ni kiwakilishi kinachoonekana kufunga kila mlango, nacho hakisemi lini wala kwa malipo ya nani. Mfanyakazi wa wizara hukatwa mshahara, hivyo uanachama wake una tarehe. Mkulima wa mwani wa Paje au mchuuzi wa Darajani humo ndani ya wote kwa matumaini, mpaka sheria au kanuni imtajie siku yake.

4. Maradhi yasiyotajwa

Mfano mzito zaidi wa ahadi kupoteza mwenyewe ni wa 2020 na 2021. Mwezi Mei 2020 takwimu za Uviko-19 zilikoma kutangazwa, jumla ya nchi nzima ikiwa wagonjwa 509, na kimya kikadumu zaidi ya mwaka mmoja. Zanzibar, ambayo afya ni mamlaka yake, nayo ilinyamaza. Hapa tunaona ubia wa aina nyingine, ule wa pande mbili za Muungano ndani ya chama kimoja tawala. Uwezo wa kisheria wa kusema ulikuwapo, usemi haukuwapo.

Kimya hakikubaki kitupu. Mapema 2021 kilijazwa na kirai changamoto ya upumuaji. Kirai hiki kinastahili kuchambuliwa neno kwa neno. Changamoto, katika matumizi ya miongo ya karibuni, imechukua nafasi ya tatizo, shida, upungufu na dosari. Ni neno linaloashiria jambo la kukabiliwa, na halina mkosaji. Upumuaji ni unominishaji wa pumua: kitenzi kimenyang'anywa nafsi, wakati na mtenda. Mtu hapumui, upo upumuaji. Kwa pamoja maneno haya mawili yamefuta ugonjwa na mgonjwa. Inafaa kukumbuka kwamba Waunguja wana neno lao lililozoeleka zaidi kuliko magonjwa, nalo ni maradhi, neno lisiloficha kitu. Halikuhitajika jipya kwa upungufu wa msamiati.

Mwishoni mwa Januari 2021, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza wazi kwamba Maalim Seif, mkewe na baadhi ya wasaidizi wake wameambukizwa Uviko-19. Alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais tangu Desemba 2020. Tarehe 1 Februari Waziri wa Afya wa Muungano, Dkt. Dorothy Gwajima, alisema nchi haina mpango wa kupokea chanjo. Tarehe 17 Februari Maalim Seif alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Rais Mwinyi alitangaza msiba na siku saba za maombolezo. Hakutaja chanzo cha kifo. Msemaji huyo ni daktari kwa taaluma na amewahi kuwa Waziri wa Afya wa Muungano. Kwa hiyo ukosefu wa jina la maradhi hauwezi kuelezwa kwa ukosefu wa maarifa, wala si kazi ya mhakiki kukisia yaliyokuwa moyoni mwake. Inatosha kuona kwamba vyama viwili vilivyokubaliana kugawana serikali havikuwa na neno moja la pamoja la kuyataja maradhi ya kiongozi wao. Chama kimoja kilitaja. Serikali ambayo chama hicho kilikuwa sehemu yake haikutaja.

Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kiambishi -mu- katika humuumbua kinarejelea mfichaji, yaani methali inachukulia kwamba anayeficha na anayekufa ni mtu mmoja. Hii ni methali ya nyumbani, ya chumba cha mgonjwa. Ikipelekwa katika sera ya umma sarufi yake inavurugika: anaficha mmoja, anakufa mwingine, na -mu- haijulikani inamrejelea nani. Mzigo wa maadili wa umma umo katika pengo hilo. Kuwafahamisha watu hatari iliyopo ni ahadi ya msingi inayotangulia hata dawa na kitanda, na iliachwa bila ya mtu aliyesimama kusema: ninaiacha.

Kuanzia Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipounda kamati ya wataalamu, na hasa uzinduzi wa chanjo tarehe 28 Julai 2021, jina la maradhi lilirudi katika lugha rasmi. Sentensi zikapata tena watenda na watendwa: Serikali inachanja, raia anachanjwa. Kurudi huko ni ushahidi kuwa lugha ya awali ilichaguliwa. Sarufi ya Kiswahili haikuilazimisha.

5. Pingamizi na mfano wa malaria

Msomaji anaweza kupinga kwamba unominishaji na kauli zisizo na mtenda ni sifa ya rejista ya kiofisi popote, na kwamba makala inaona siasa mahali penye mtindo tu. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake limo katika mgawanyo wa miundo. Rejista hiyo hiyo humtaja mtenda kwa urahisi panapokuwa na sifa: Serikali ya Awamu ya Nane imejenga hospitali. Panapokuwa na kasoro muundo hubadilika: kumekuwa na upungufu wa dawa. Katika sentensi ya pili kiima ni ku-, kiambishi cha mahali. Mahali ndipo palipopungukiwa, na hakuna aliyepunguza. Vivyo hivyo hatusikii tumevunja ahadi. Tukibahatika tutasikia ahadi haikutekelezeka, katika kauli ya kutendeka, kana kwamba kutotekelezwa ni tabia ya ahadi yenyewe, kama chungu kinavyovunjika au nazi inavyooza. Mtindo usiobagua ungewaficha watenda wa sifa na wa kasoro kwa usawa.

Malaria inatoa kipimo kizuri zaidi. Kampeni ya kwanza ya kuitokomeza, iliyoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, ilisitishwa 1968, na maradhi yakarudi. Kuanzia 2003, kwa dawa mseto, vyandarua na upigaji dawa majumbani, maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia 1. Taasisi iliyosimamia kazi hii ilibadili hata jina lake, kutoka kudhibiti hadi kumaliza malaria. Kumaliza ni kitenzi cha hatari kwa anayekitumia, kwa kuwa kina kikomo kinachopimika. Kitengo kinachojiita cha Kumaliza Malaria kimejiandikia deni mlangoni, na kila ongezeko la wagonjwa linaweza kusomwa dhidi ya jina hilo. Mafanikio hayakuletwa na jina. Lakini jina liliwezesha mafanikio na upungufu kuhesabiwa, na mabadiliko ya mawaziri wa vyama tofauti hayakulifuta, kwa sababu mdaiwa alikuwa taasisi yenye anwani.

6. Hitimisho

Uhakiki wa Kiswahili umejizoeza kusoma ushairi na riwaya za Zanzibar kwa makini yanayostahili, ukatafuta kejeli, taswira na msimulizi. Matini za sera husomwa mara chache kwa jicho hilo, ingawa ndizo zinazoamua nani atalala kitandani na nani sakafuni. Makala hii imeonesha kuwa siasa za ubia huongeza haja ya usomaji huo, kwa sababu zinagawa madaraka bila kugawa uwajibikaji kwa uwiano ule ule, na sarufi hupokea kazi ya kufunika tofauti.

Inapendekezwa kwamba kila ahadi ya afya isomwe kwa maswali manne ya methali: mdaiwa ni nani na kiambishi chake kiko wapi, mdai ametajwa au amefichwa ndani ya wote, kiasi ni kipi, muda ni upi. Hansadi za Baraza la Wawakilishi, Chukwani, ni hazina isiyochimbwa vya kutosha. Humo wasemaji wa vyama vilivyoridhiana na visivyoridhiana wameulizana na kujibizana kuhusu dawa, vitanda na wauguzi kwa Kiswahili, kikao baada ya kikao. Mwanafunzi wa uzamili atakayehesabu ni mara ngapi swali lililoanza na nani lilijibiwa kwa sentensi iliyoanza na kumekuwa na atakuwa ametoa mchango kwa isimu. Pia atakuwa amemrudishia mgonjwa wa Mnazi Mmoja jina la anayepaswa kumdai.